Nusu ya Ngao Yangu

Jumatatu, 1 Julai

Si mjomba aliyeshusha ngao. Ni mimi niliyeiondoa yangu.

Basi. Nimeandika. Hakuna mtu anayejua — si mama, si Marianthi, si mjomba mwenyewe. Nimefunga dirisha kana kwamba kalamu ina sauti.

Ilikuwa juzi, Jumamosi, kwenye mazoezi ya kikundi chetu cha kuigiza vita vya Wagiriki wa kale, katika uwanja ulio nyuma ya ghala la pamba. Tulikuwa kumi na wawili mstarini. Mimi mahali pangu pa siku zote: mjomba Stathis kushoto kwangu, Marianthi wa duka la dawa kulia kwangu. Ngao zimegusana. Wenzetu wa upande wa pili wakaja mbio na mikuki ya mazoezi, ile yenye mpira nchani. Kelele! Vumbi! Nikafumba macho. Mwili ukajiendea wenyewe upande wa kulia, nusu hatua tu, nyuma ya ngao ya Marianthi. Na ngao yangu ikanifuata.

Hizi ngao zetu ni duara. Unapitisha mkono wa kushoto kwenye bangili ya shaba iliyo katikati, kisha unashika kamba iliyo ukingoni. Kwa hiyo ni nusu tu inayokufunika wewe. Nusu ya pili inatokeza kushoto na kumfunika jirani ubavu wake wa kulia, na upande huo jirani hana kinga nyingine. Jirani yangu ni mjomba. Niliondoka na nusu yake.

Nikasikia kitu kama kijiti kikavu kinavunjika. Mtulinga wake, ule mfupa wa kutoka shingoni hadi begani.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimesharudi mahali pangu. Mjomba amepiga goti, ngao yake iko chini. Lambros, kiongozi wetu, akapiga kelele: "Stathis! Umeshusha ngao tena? Umelala?" Na mjomba, uso umekunjamana kwa maumivu, akajibu, "Nilizubaa."

Watu wote wale, na hakuna aliyeona. Na mimi sikusema. Ulimi ulinikauka kama shuleni nilipokuwa nikiitwa ubaoni. Shule nimeimaliza. Ulimi bado ni uleule.

Namshukuru Mungu haikuwa shingo. Namshukuru Marianthi, aliyemfunga mkono kwa kitambaa chake kizuri cha shingoni bila kusita. Nashukuru. Lakini siwezi kulala.


Jumanne, 2 Julai

Mama amepika pai ya mchicha, nikampelekea mjomba. Wiki sita, daktari amesema. Mkono wa kulia umefungwa kifuani, na yeye ni seremala! Ngao zetu zote kumi na mbili amezitengeneza yeye.

"Sasa nitajua mkono wa kushoto umekuwa ukila bure miaka yote hii," akasema.

Nikamkatia tikiti vipande vidogo vidogo. Akanishukuru. Kwa pai, kwa tikiti, kwa kuja. Mara tatu akanishukuru! Nilirudi nyumbani kwa njia ya mashambani nisikutane na mtu.


Alhamisi, 4 Julai

Lambros alikuja kwetu jioni. Mama akamwekea kahawa uani. Mimi nilikuwa nyuma ya wavu wa mlango, na maharagwe kwenye bakuli. Nikasikia yote.

Kikundi chetu kina sharti moja linaloogopwa. Mkuki ukikuponyoka, watu wanacheka. Kofia ikikuvuka, watu wanacheka zaidi. Ila aliyeacha ngao yake hadi mwenzake au yeye mwenyewe akaumia, anatoka mstarini. Lambros amesema suala la mjomba litaamuliwa Jumapili ya tarehe 14, baada ya maonyesho. Wanachama watanyoosha mikono.

Mama akamwambia, Lambros, huyu mtu alianzisha kikundi pamoja na wewe.

"Ndiyo maana, dada. Ana miaka sitini na mmoja. Safari hii mtulinga, safari ijayo kichwa. Atashika kamba kule wageni wanakoegesha magari. Kivulini. Na kiti tutampa."

Hakusema kwa ubaya. Ningefurahi kama angesema kwa ubaya.

Kwa hiyo sasa ni hivi. Nikinyamaza, mjomba anakwenda kushika kamba. Nikisema, natoka mimi. Na mimi nina mahali pamoja tu duniani ambapo hakuna anayeniambia, "Asimina, ongea basi!" Mstarini huhitaji kuongea. Unahitaji kusimama tu. Mjomba ndiye aliyenipeleka pale, miaka miwili iliyopita, siku nilipotoka shuleni nikilia.

Maharagwe niliyakata madogo mno. Mama akayapika hivyo hivyo. Asante, mama.


Jumamosi, 6 Julai

Mazoezi saa moja asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Mahali pa mjomba amesimama Lambros mwenyewe! Kushoto kwangu! Mjomba amekaa kwenye kiti cha plastiki, anatupigia mwendo kwa fimbo kwenye ndoo.

Tukatembea mbele, hatua mia. Tulianza usawa wa lango, tukaishia ndani ya pamba.

"Nani anatupeleka kulia?" Lambros akafoka. "Tunatembea kama kaa! Mwenye shamba atatutoza!"

Mjomba akacheka kutoka kwenye kiti. "Hakuna anayewapeleka. Kila mtu anajibanza kidogo kwenye ngao ya jirani yake wa kulia. Kidogo hapa, kidogo pale. Hata wazee wetu wa zamani walikuwa hivyo hivyo, na wao mikuki yao haikuwa na mpira."

Kwa hiyo si mimi peke yangu. Wote tunahamia kulia! Nilifarijika kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu. Halafu nikakumbuka kwamba wao walihama kwa unyayo mmoja na macho yao yalikuwa wazi.

Marianthi ndiye wa mwisho upande wa kulia. Hana mtu wa kumfunika. Wakati wa kunywa maji nikamwuliza — mimi, nikamwuliza mtu swali! — anawezaje kusimama pale bila kuhama.

"Mimi? Naogopa kama wewe, kipenzi," akasema. "Ila mimi sina pa kwenda."

Kisha akanimwagia maji ya chupa kisogoni bila kuniomba ruhusa. Nilipiga ukelele. Watu wote wakageuka. Sikufa.


Jumanne, 9 Julai

Waitaliano wamefika! Kumi na wanane, kikundi cha kuigiza askari wa Kirumi, na basi lenye ngao zilizofungwa kwa mablanketi kama wagonjwa. Mkubwa wao anaitwa Gualtiero, mwalimu wa shule ya msingi. Mkewe ni wa Korfu, kwa hiyo Kigiriki anakijua, ila kimejaa matusi ya mama mkwe.

Ngao zao ni ndefu, zimepinda kama kigae cha paa. Hazina bangili. Kuna mshikio mmoja katikati, nyuma ya kibonge cha chuma, na mkono unaukamata kama unavyokamata mpini wa ndoo. Gualtiero akanipa yake niijaribu. Ilinifunika kuanzia kidevuni hadi miguuni, kulia na kushoto. Yote yangu!

Nikawaza: kwa ngao hii nisingemvunja mtu. Kila mmoja na ukuta wake. Ndiyo maana wao walisimama kwa nafasi, akageuka huyu, akarudi nyuma yule, na shambani penye mawe mstari wao haukuharibika. Wetu una nguvu ukiwa kitu kimoja tu. Ukipasuka mahali pamoja, umekwisha.

Nilikuwa tayari kuandika kwamba ngao ya Kirumi ni ngao ya mtu anayeweza kuishi na nafsi yake. Kisha wakaniingiza kwenye kobe.

Kobe ni hivi: mstari wa mbele wanaweka ngao mbele, wa pembeni wanaziba pembeni, na sisi wa ndani tunaziinua juu ya vichwa, zinalaliana kama vigae. Giza. Joto! Jasho la watu kumi na tisa. Watoto wa mji wakaambiwa watupe mipira ya tenisi na nyanya zilizooza. Dunia ikawa ngoma. Tuk! Tuk-tuk! Cha!

Ngao yangu haikunifunika mimi hata kidogo. Ilimfunika mwanamke wa mbele yangu, Ornella. Nilikuwa naona shingo yake tu, ina kidoa cheusi. Mimi nilifunikwa na mtu wa nyuma yangu, na sijui hadi sasa alikuwa nani.

Ngao ikaanza kunilemea. Gualtiero alikuwa kando yangu. "Usimwangalie kama anakuona," akaninong'oneza. "Hakuoni. Shika tu."

Nikashika. Mara nyanya ikaingia kutoka mahali fulani ikampasukia Gualtiero sikioni. Kijana mmoja wa kwao alikuwa ameinua ngao yake kidogo apate hewa. Ndilo kosa lao, Gualtiero akaeleza baadaye, akichokoa mbegu sikioni. Wagiriki hujibanza kulia, Warumi huchungulia. "Kila jeshi na woga wake!"

Kwa hiyo nimejibiwa. Kwao pia kuna nusu ya mtu mwingine. Tofauti ni kwamba kwetu unayemfunika yuko ubavuni na anakugusa. Kwao yuko mbele na hakuoni, na ukiondoa ngao hatajua ni nani.

Mjomba alijua ni nani aliyekuwa kulia kwake. Alijua. Sijawahi kuliwaza hilo mpaka sasa, nikiliandika.


Jumatano, 10 Julai

Chakula cha pamoja na wageni, mgahawani kwa Polyxeni. Meza moja ndefu. Mjomba kanilindia kiti kwa kofia yake.

Ubishi ulianza hata mkate haujafika. Gualtiero alisema, kwa heshima zote, zamani Warumi ndio waliowapiga Wagiriki. Lambros akasimama! Waliopigwa walikuwa Wamakedonia, akasema, watu wa mikuki mirefu kama nguzo za simu na visahani mkononi badala ya ngao. Wale si sisi! Na uwanja ulikuwa na mabonde!

"Uwanja siku zote huwa na mabonde ukishindwa," akasema Gualtiero.

"Nyinyi mnajifungia kama kobe aliyeona mbwa!"

"Na nyinyi ni kaa! Mkianza vita mashariki, mnavimalizia magharibi!"

Wakacheka hadi wakafuta machozi. Kisha Lambros akawasimulia habari ya jino lake. Anaisimulia kila mwaka. Mwaka wa kwanza wa kikundi, yeye kijana, damu imechemka, akakimbia mbele ya mstari peke yake kama simba, akakutana na mkuki kwa meno. Hapa huwa anafunua pengo. Waitaliano wakampigia makofi. Mjomba alikuwa anazichunguza zeituni kwenye sahani yake, moja moja, kana kwamba atazinunua.

Nilikula nyama ya kondoo, nikacheka, nikamfundisha Ornella neno moja. Usiku mzuri kuliko mwingine wowote wa mwaka huu. Na wote hawa wanadhani mimi ni msichana mzuri.


Ijumaa, 12 Julai

Nilikwenda kusema. Njiani nilijizoeza: Mjomba, ni mimi. Maneno matatu tu.

Alikuwa karakanani, anaipiga msasa ngao yangu kwa mkono wa kushoto.

"Mjomba, ni mimi."

"Naona ni wewe. Nani mwingine anabisha hodi kama panya?"

Ikabidi nianze upya. "Hapana. Ni mimi niliyekuvunja."

Hakuacha kupiga msasa. Akapuliza vumbi. "Najua, mwanangu."

Nilikaa juu ya pipa la gundi.

Akasema: "Ukingo wa ngao yako hugonga wangu kila unapovuta pumzi. Tk. Tk. Miaka miwili nausikia. Siku ile ukanyamaza. Nikajua nimebaki na upepo."

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema aseme nini, kwamba mtoto aliogopa mkuki? Mkuki umetengenezwa ili uogopwe. Akanionyesha bangili ya ngao yangu. Ameipunguza kwa kuishonea ngozi ya kondoo ndani, kwa sababu ilikuwa pana na mkono wangu ulikuwa unacheza.

"Si bangili, mjomba. Nilifumba macho."

"Najua. Lakini bangili ndiyo ninayoweza kuitengeneza."

Nikalia basi. Akaniacha nilie. Kisha akachungulia mlangoni, akashusha sauti, akaniuliza kama ninalijua jino la Lambros.

Nani asiyelijua!

"Hakukimbia mbele ya mtu yeyote. Alisimama wima kama mti, mahali pake. Mimi ndiye niliyekuwa kulia kwake. Na sikuhama nusu hatua kama wewe. Hatua mbili nzima, mwanangu! Mkuki ukamwingia mdomoni kama kijiko. Alipopata fahamu akaniuliza, Stathis, nilikimbia mbele mno, eti? Nikamwambia, ndiyo, kama simba."

Nilicheka huku machozi bado yananitoka. Yeye alicheka kidogo tu.

Akasema alikusudia kumwambia, siku itakapokuwa nzuri. Lakini kila siku nzuri aliona haya kuiharibu. Sasa ni miaka kumi na tisa. Habari imeshakuwa mali ya Lambros. Anaipenda. Ukimnyang'anya, unamwachia pengo tu.

Kisha akaniambia ninyamaze. Yeye ameshasimama vya kutosha. Atashika kamba, atawapangia magari kwa mstari ulionyooka kuliko wetu. "Wewe umepata mahali pako. Usipaachie bure."

Nikaibeba ngao hadi nyumbani. Bangili imenikaa sawasawa. Nimewahi kupewa vitu na watu, lakini hiki! Ameshona kwa mkono mmoja. Kamba aliivuta kwa meno, nimeziona alama.


Jumamosi, 13 Julai

Nyuzi joto arobaini na moja. Nimemwagilia mirehani ya mama. Nimeandika maneno ya kesho mara nne na kuyafuta mara nne.

Miaka kumi na tisa!


Jumapili, 14 Julai

Naandika nikiwa kwenye ngazi za ukumbi wa mji. Ngao ndiyo meza yangu. Bado nina vumbi hadi kwenye kope.

Maonyesho yamekwisha. Watu walijaa hadi juu ya trela za pamba. Kobe la Waitaliano lilipita chini ya mvua ya nyanya, na safari hii hakuna aliyechungulia. Kisha sisi. Mjomba kwenye ndoo yake: du, du, du. Lambros kushoto kwangu, Marianthi kulia. Wakaja mbio. Mwili wangu ukataka kwenda kulia — ndiyo, tena, vilevile! Nilidhani ukishajua hutataka tena. Unataka.

"Nipo, kipenzi," Marianthi akasema bila kugeuka. "Nipo."

Nikaacha macho wazi. Nikasikiliza kushoto. Tk. Tk. Ukingo wangu juu ya ukingo wa Lambros. Nikaushikilia mlio ule tu. Mikuki ikagonga shaba, na mstari ukakaa. Hatukufika kwenye pamba! Tulisimama usawa wa lango tuliloanzia, na watu wakapiga kelele, na nilimwona mama amepanda juu ya kiti.

Lambros akavua kofia, akanishika bega mbele ya kila mtu. "Binti! Ubavu wangu leo haukuona hata jua!" Nilitaka kuruka. Kisha akawageukia wengine: "Mmeona? Mahali pale hapana ubaya wowote. Mtu ndiye aliyekuwa amechoka."

Wakacheka. Mtu mmoja alishamtupia mjomba ile kamba ya magari, kwa mzaha. Mjomba akaidaka kwa mkono wake mmoja, akacheka pamoja nao, akaanza kuizungusha taratibu, kitanzi juu ya kitanzi. Anavyofanya kila kitu, vizuri.

Ikawa siku nzuri. Hapo ndipo nilipoelewa. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwake, miaka yote kumi na tisa.

Wameingia ndani kupiga kura. Nasikia viti. Nina sentensi moja, na baada yake pengine sitasimama tena pale, ngao hii itakwenda ukutani. Nashukuru nilisimama. Nashukuru kwa maji ya kisogoni, kwa shingo ya Ornella, kwa yule nisiyemjua aliyenifunika kobeni, kwa ngozi ya kondoo. Sijui ulimi utafanya nini. Nina miguu tu, na miguu imeshakubali.

Lambros yuko mlangoni. "Asimina! Ingia basi, tunafunga!"

Naingia. Daftari, jambo langu usinifichie tena, baada ya dakika tano litakuwa la watu wote. Lakini lile jingine si langu. Lambros ananingoja pale, anatabasamu, pengo lake lote liko wazi kwenye jua, na anajivunia. Lile la jino, tafadhali — lifunike. Usimwambie mtu.